Kabla Mzigo Haujavuka Nyamisati

Mteja wa Sinza ameona mikeka yako kwenye stetasi ya WhatsApp. Ameuliza bei, ameomba umpunguzie, umempunguzia, akaandika: "Niwekee kumi dada, kesho nalipa." Wewe uko Mbwera. Umewanyima wachuuzi waliokuja na boti ya jana, umemlipa jirani akusaidie kushona miwili iliyokuwa haijaisha, umeifunga yote ikakaa mlangoni. Kesho imefika. Keshokutwa nayo imefika, na simu ya mteja inaita hadi inakatika.

Muuza simu wa Kariakoo akifanyiwa hivi atakasirika, kisha atamuuzia mwingine mchana huohuo. Mtu wa delta ya Rufiji hana wepesi huo. Boti haiondoki kwa saa ya mteja, inaondoka kwa maji. Yakishakupwa kwenye vijito hakuna wa kukuvusha mpaka yajae tena, na mteja aliyechelewa saa mbili kutuma pesa amekukosesha safari. Kutoka kijijini hadi Nyamisati, kutoka Nyamisati hadi Bungu, kutoka Bungu kwa barabara ya Kilwa hadi Mbagala, mzigo umepita mikono mitatu au minne na kila mkono umelipwa.

Wauzaji wa nchi nyingine wana mlinzi. Kwenye eBay, mnunuzi asipolipa ndani ya siku 4 muuzaji anaruhusiwa kufuta oda, na kosa hilo linaandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Taobao ya China ilijijenga kwa msaada wa Alipay, ambayo ilianza kwa kushika pesa ya mnunuzi hadi mzigo umfikie. Kwetu, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na biashara ya watu wa kawaida imebaki WhatsApp, Instagram, Facebook na kurasa za matangazo kama Jiji. Huko mnakutana tu. Pesa na mzigo mtajuana wenyewe.

Kwa hiyo nina jambo moja la kukuambia, na mengine yote yanatoka humo: nguvu yako iko upande huu wa maji. Mzigo ukishavuka Nyamisati bila malipo, unabaki na namba ya simu na hasira.

Wasiolipa hawafanani

Kwanza mjue mtu wako, maana dawa ya mmoja haimfai mwingine. Yuko kigeugeu, mtu wa oda hewa. Hana nia mbaya. Ameona kitu kizuri saa 4 usiku akiwa kitandani, ameagiza, asubuhi amesahau. Hawa ndio wengi, na dawa yao ni arabuni. Yuko tapeli, ambaye hakuwa na nia ya kulipa tangu alipokusalimu. Huyu haikatai arabuni, bali anailipa kwa meseji ya kughushi. Wa tatu ni mdaiwa: amepokea mzigo, anakiri ameupokea, ila kila siku ana sababu. Bosi hajaingia, simu ilizima, ana msiba, nakutumia jioni. Anakupiga danadana mpaka wewe ndiye unayeona aibu kupiga.

Ukimtendea kigeugeu kama tapeli umepoteza mteja wa kesho. Ukimtendea tapeli kama mdaiwa, ukambembeleza kwa wiki mbili, umempa muda wa kutupa laini.

Arabuni ipimwe kwa hasara

Wengi hupanga arabuni kwa mazoea, nusu ya bei au theluthi. Mimi nashauri uipange kwa hasara. Jiulize: huyu mtu akiingia mitini kesho, mimi nitapoteza nini? Hesabu utakayopata ndiyo arabuni yako.

Chukua mfano wa mikeka ile 10 ya ukindu, tuseme 25,000 kila mmoja, jumla 250,000. Mkeka hauozi. Mteja akighairi utauuza kwa mwingine wiki ijayo. Hasara yako ni ujira wa jirani, nauli ya mzigo kwenye boti ikiwa umeshautuma, na labda punguzo la kumvutia mnunuzi mpya. Ikifika 40,000, basi 40,000 inatosha, na mteja hatashtuka. Lakini akitaka mikeka iliyosukwa majina ya bwana na bibi harusi, mambo yamebadilika. Nani mwingine atanunua mkeka wenye jina la arusi ya watu? Hapo arabuni ikaribie bei nzima, na usione haya kuitaja.

Kaa ni habari nyingine kabisa. Kaa wa matope anauzwa akiwa hai, amefungwa magando, amewekwa kivulini kwenye tenga lenye unyevu. Kila siku inayopita anapungua uzito, na akifa hana mnunuzi. Kamba wabichi ndio usiseme. Barafu ikiyeyuka imeyeyuka na pesa yako. Kwa bidhaa kama hizi arabuni ya nusu haikukingi na kitu. Ama mteja alipe yote kabla hujawafunga, ama aje, au atume mtu wake, apokee Nyamisati kwenye mizani na kulipa palepale. Asali, nazi kavu na mchele viko katikati. Haviozi haraka, lakini ni vizito, na nauli ya kuvirudisha inaweza kula faida yote. Weka nauli ya kwenda na kurudi ndani ya arabuni.

Masharti yaandike kabla pesa haijatumwa. Si lazima yawe marefu. Kwa mfano:

"Waalaykum salaam kaka. Oda yako ni mikeka 10 ya ukindu, futi 6 kwa 4, jumla 250,000 ifike kamili, ya kutolea juu yako. Arabuni 40,000 leo kabla ya saa 2 usiku. Baki 210,000 kabla mzigo haujapanda boti Alhamisi asubuhi. Ukighairi arabuni hairudi. Nikishindwa mimi nakurudishia yote. Kama umekubali nijibu: nimekubali."

Maneno hayo yana kazi. Saa imetajwa, kwa hiyo oda isiyolipiwa inakufa yenyewe bila ugomvi. Saa 2 na nusu unawauzia wachuuzi na hakuna wa kukulaumu. Ya kutolea imetajwa, kwa hiyo hamtagombana juu ya makato. Adhabu iko pande zote mbili, na hilo humtuliza mtu mzima mwenye akili zake. Na lile neno "nimekubali" ni mkataba: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu makubaliano yakataliwe kwa sababu tu yalifanyika kwa njia ya kielektroniki.

Kumbuka pia kwamba mteja naye anakuogopa. Amesikia ya watu waliotuma pesa wakaambulia kublokiwa. Kabla hujamdai arabuni mpe cha kumtuliza: mpigie simu ya video umwonyeshe mzigo, mwambie uko kijiji gani na kikundi gani, na hakikisha jina linalomtokea kabla hajaweka namba ya siri ni jina ulilomtajia. Ukitumia laini ya shemeji yako, sema mapema. Ukiweza, fungua Lipa Namba kwa jina la biashara au la kikundi. Kwa wasukaji wanaouza pamoja Lipa Namba ya kikundi ni bora zaidi, maana hakuna atakayesema pesa iliingia kwa fulani.

Pesa imesoma?

Hapa ndipo tapeli anapofanyia kazi. Anakuambia ametuma, na kweli simu inalia, meseji imeingia: jina, kiasi, namba ya muamala, salio jipya. Yote ameyaandika mwenyewe.

Meseji si pesa, na picha ya skrini ndiyo kabisa si pesa. Pesa ni salio unaloliona wewe mwenyewe kwa kupiga menyu ya mtandao wako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Kabla ya kupokea malipo yoyote liangalie salio lako na ulikumbuke. Baada ya meseji liangalie tena. Kama halijaongezeka, pesa haijasoma, hata mteja aape kwa Mungu. Meseji ya kweli huingia kwa jina la huduma, kwenye mazungumzo yaleyale yenye miamala yako ya zamani. Inayotoka kwenye namba ya kawaida ya simu ni ya mtu.

Tapeli mwenye uzoefu hukuharakisha. Gari linaondoka, boda yuko mlangoni, mtandao unasumbua lakini itasoma tu. Katika vijiji vya delta sababu ya mtandao inaaminika kwa urahisi, kwa kuwa mtandao kweli unasumbua. Jiwekee sheria isiyo na mjadala: mtandao ukisumbua, mzigo unasubiri. Mteja wa kweli atanung'unika, na atasubiri.

Kuna mchezo mwingine: "Samahani dada, nimekosea nimezidisha, nirudishie 100,000." Usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio kwanza, maana mara nyingi hakuna kilichozidi. Hata kama kimezidi, mwambie apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urekebishwe. Akitaka umtumie kwa namba tofauti na ile iliyokutumia, umeshamjua.

Na kinyume chake kipo. Mtu analipa kweli, mzigo unaondoka, halafu anaupigia mtandao wake kudai alituma kimakosa, arudishiwe. Kinga yako ni maandishi. Kila malipo yakisoma, jibu papo hapo: "Nimepokea 210,000, ni baki ya mikeka 10, mzigo unaondoka leo," na umfanye athibitishe kabla hujaukabidhi. Ukipigiwa na mtandao unayo ya kuonyesha.

Meseji za kitapeli zipeleke namba 15040, ambayo ipo kwa ajili hiyo. Utaulizwa namba iliyokutumia nawe uitaje. Ni bure. Haikurudishii pesa, lakini namba hiyo ikifungwa kuna mwenzako wa Ikwiriri atapona.

Mkono wa katikati

Si siku zote inawezekana mteja alipe yote kabla hajaona. Mtu anayenunua injini ya boti iliyotumika kwa milioni kadhaa ana haki ya kuisikia ikinguruma. Hapo mnahitaji mtu wa kati, na huku kwetu yupo bila programu yoyote: wakala wa pesa mwenye duka Nyamisati au Bungu, karani wa mizigo, mwenyekiti wa kikundi. Pesa inakaa kwake, mzigo unakaguliwa kwake, kila mmoja anachukua chake, naye anapata ujira wake. Awe mtu ambaye nyinyi wawili mnaweza kumkuta kesho mahali palepale. Mtu wa kati aliyeletwa na mteja, usiyemjua hata kwa sura, ni mteja huyohuyo kwa sauti nyingine.

Kwa mizigo inayokwenda Dar es Salaam kwa basi kuna mbinu ambayo watu huipuuza. Mzigo usiuandike kwa jina la mteja. Uandike kwa jina lako au la ndugu yako aliye Mbagala Rangi Tatu, na umwambie konda au karani wazi: hauchukuliwi mpaka nipige simu mimi. Mteja anafika, anauona, anakutumia baki, salio linasoma, ndipo unampigia karani amkabidhi. Asipotokea, mzigo bado ni wako na unarudi na gari la jioni. Si kila konda anakubali usumbufu huo. Anayekubali mlipe vizuri na umshike kama rafiki. Piga picha ya mzigo ukiwa umefungwa, namba za gari na stakabadhi. Ukitumia bodaboda wa mjini kukusanya pesa mlangoni kwa mteja, pesa iende moja kwa moja kwenye namba yako, wala isipite mfukoni mwa boda.

Mzigo ukiharibika njiani, hasara ni ya nani? Lisemeni mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga na magari ya kwenda Lindi na Mtwara yakakwama. Mteja ambaye mzigo wake umelala njiani hukataa kulipa, na hapo si tapeli wala kigeugeu. Ni mtu ambaye hamkuelewana naye. Sentensi moja kwenye oda, "ukishapanda gari ni jukumu lako" au "ni jukumu langu mpaka ukufikie", ingewaondolea ugomvi huo.

Mali kauli

Watu wa delta wamewauzia wateja wa mbali kwa karne nyingi. Boriti za mikoko za Rufiji zilipakiwa kwenye majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, na huko zikaezeka nyumba. Mfanyabiashara wa jahazi alijulikana. Angeirudia delta hii msimu ujao, na asingepata boriti kama alidhulumu mara ya kwanza. Mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, ilifanya kazi kwa sababu hiyo. Mteja wa Instagram hana msimu ujao. Akikudhulumu wewe atamfuata msukaji mwingine, na msukaji huyo hakujui.

Sisemi usikopeshe. Kuna wachuuzi wa Temeke wanaolipa mali kauli kwa uaminifu miaka nenda rudi, na bila wao mizigo mingi ingelala. Ninachosema ni kwamba mali kauli apewe mtu ambaye unajua anapolala. Awe amekwisha kukulipa taslimu zaidi ya mara moja. Kiasi kisizidi kile ambacho kikipotea hutashindwa kulipa marejesho ya kikoba. Na mzigo wa pili usitoke kabla deni la kwanza halijaisha lote. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa kuwa mdaiwa mjanja hulipa nusu ya deni na palepale anaagiza mara mbili yake. Siku akiacha kulipa, umejikuta umemkopesha mtaji mzima.

Ukimdai

Siku ya malipo ikipita, andika kesho yake asubuhi kwa adabu, ukitaja kiasi na tarehe. Usianze na lawama: "Habari za asubuhi kaka. Nakukumbusha baki ya mikeka, 210,000, ilikuwa jana. Leo utaituma saa ngapi?" Swali la saa ngapi ni bora kuliko swali la kama atalipa. Akijibu "jioni", ameshakiri deni kwa maandishi, na jibu hilo lina thamani kuliko unavyodhani. Ukimtukana atakublok, nawe umeukosa ushahidi.

Siku mbili tatu zikipita, mpigie. Kwa sauti mtu huona aibu zaidi kuliko kwa maandishi. Mkikubaliana kwa simu, mwandikie palepale mlichokubaliana: "Kama tulivyoongea, utalipa 100,000 tarehe 5 na 110,000 tarehe 20." Akinyamaza siyo mbaya sana, akijibu "sawa" ni nzuri mno. Awamu zikubali. Laki moja iliyo mkononi ni bora kuliko kesi ya laki mbili.

Kama mzigo bado uko kwako, au uko stendi kwa jina lako, una haki ambayo wauzaji wengi hawaijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuushikilia mzigo, na haki ya kuuza upya. Bidhaa zinazooza unaweza kuziuza bila kungoja. Zisizooza, unamtaarifu mnunuzi kwamba utaziuza, unampa muda wa kutosha wa kulipa, na asipolipa unauza na kumdai hasara uliyopata. Kaa mliokubaliana 300,000 ukiwauza upya kwa 210,000 kwa sababu ya haraka, pengo ni 90,000. Ongeza gharama za ziada, toa arabuni uliyokwisha kupokea, kinachobaki ndicho deni lake. Andika uliuza lini, kwa nani na kwa bei gani. Usiwaache kaa wafe kwenye tenga ili kumkomoa mtu aliye Sinza.

Polisi, mtaa au mahakama

Watu hukimbilia polisi kwa kila deni na kurudi wamekata tamaa. Deni ni madai, na polisi si wakusanya madeni. Utapeli ni jinai. Aliyepokea mzigo kwa nia njema akashindwa kulipa ni mdaiwa. Aliyekutumia meseji ya kughushi ya malipo, au aliyejifanya mtu mwingine ili umpe mzigo, amejipatia mali kwa udanganyifu, kosa linalotajwa na Kanuni ya Adhabu, Sura 16, kifungu cha 302, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumhusu pia. Huyu mpeleke polisi, na umpeleke haraka.

Nenda na simu yenyewe, usiende na picha za skrini peke yake. Usifute mazungumzo hata kama yanakuudhi. Omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako inayoonyesha kwamba siku hiyo hakuna kilichoingia. Namba ya tapeli imesajiliwa kwa alama za vidole, kama laini zote zinazotumika tangu usajili wa zamani ulipoanza kuzimwa Januari 2020, na polisi wanaweza kuuliza ni ya nani. Wewe huwezi, na wakala atakayekuuzia siri hiyo anavunja sheria pamoja nawe. Jina likipatikana linaweza kuwa la bibi mmoja wa mbali aliyesajiliwa laini bila kujua. Ndiyo sababu ya kupiga *106# mara kwa mara kuangalia kama kuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kwa mdaiwa wa kawaida anza na ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi. Ndugu yako aliye mjini aende na mazungumzo yaliyochapishwa, amwone mjumbe au mwenyekiti. Mtu anayekupiga chenga kwenye simu mara nyingi huwa mwepesi kulipa akiitwa na mwenyekiti anayemjua mama mkwe wake. Hilo likishindikana, iko Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madeni ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na si lazima uwe na wakili. Waulize pia wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi na hawatozi.

Lakini piga hesabu kwanza. Nauli ya boti na gari, kulala, siku za kazi zilizopotea, kesi ikiahirishwa mara mbili: kwa deni la 60,000 umeshaingia hasara kabla hakimu hajakaa. Deni dogo lifute kwenye daftari, libaki kichwani kama jina la mtu wa kutouziwa. Kwa 600,000 pigana.

Jambo ambalo sikushauri hata kidogo ni kubandika picha ya mdaiwa kwenye stetasi na kuandika "TAPELI HUYU". Nalielewa hilo, linaburudisha moyo. Ila ukikosea mtu, au ukitangaza taarifa zake binafsi, Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinaweza kukugeukia, na mdaiwa atakushtaki wewe kwa 40,000 uliyokuwa unamdai. Ndani ya kikundi chenu cha wauzaji inatosha kuambizana ukweli usio na matusi: namba fulani iliagiza mzigo tarehe fulani, haijalipa hadi leo. Msukaji wa Mbwera na mwenye asali wa Mjawa wakiwa na desturi hiyo, kigeugeu hana pa kuanzia upya.

Daftari lako liwe na tarehe, jina, namba, bidhaa, kiasi, arabuni, baki. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhi nje ya simu, kwa kuwa simu za delta huanguka majini. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 kudai deni la mkataba, na wadaiwa huwa na kawaida ya kujitokeza wenyewe Ramadhani ikikaribia na watu wakitafuta mikeka mipya. Atakusalimu kana kwamba hakuna lililotokea. Mwitikie vizuri, mtajie deni la zamani kwa tarehe na kiasi, na oda mpya uiandike likishasoma.